Redio ya Valvu na Uvumi wa Zebaki Nyekundu

Katika chumba changu cha kazi hapa Tinde hakuna kitu kinachotengenezwa kwa maneno ya kusikia. Mtu akiniletea pasi, saa ya ukutani au redio, kisha akaanza kunieleza kwamba fundi wa kwanza alisema hivi na jirani akasema vile, humwomba anyamaze mpaka nimalize kupima. Mita haina jirani. Husoma inachokikuta kwenye waya, basi.

Chumba chenyewe kilikuwa ghala la mpunga. Nilipostaafu kufundisha fizikia, mke wangu alinikabidhi kwa sharti kwamba moshi wa lehemu usivuke mlango wa jikoni. Meza niliitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga, na juu yake nimepanga makopo ya skrubu, rizista, vipande vya waya na vitu vingine ambavyo mke wangu huviita takataka na mimi huviita akiba. Sifanyi biashara. Huchonga mipini, huunganisha viti vilivyolegea, na zaidi ya yote hutengeneza redio za valvu. Valvu, kwa wasioijua, ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa, chenye nyuzi na vibati vyembamba ndani yake. Kabla ya transista kuja, vichupa hivyo ndivyo vilivyonasa mawimbi na kukuza sauti. Redio ya namna hiyo huchukua muda kupata joto kabla ya kusema, na mimi napenda kitu kinachojiandaa kabla ya kusema.

Mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka huu, mama mmoja kutoka Didia alishuka mlangoni kwangu kutoka kwenye bodaboda, amekumbatia mzigo uliofungwa kwa blanketi. Nilimfahamu. Marehemu mumewe alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kuchambulia pamba, mtu makini ambaye nilizoea kuongea naye juu ya mikanda ya mashine na mafuta yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mayu," nikasema, kama tunavyowaita akina mama huku. "Habari za Didia?"

"Mhola tu, salama. Nimekuletea kitu cha marehemu."

Alifungua blanketi. Ilikuwa redio kubwa ya sanduku la mbao, kitambaa cha spika kimefifia, na mbele yake kidirisha kidogo cha mviringo ambacho nilikitambua mara moja. Nyuma ya kidirisha hicho hukaa valvu yenye jicho la kijani, linalojikunja na kujikunjua kadiri mawimbi yanavyopata au kupoteza nguvu.

"Inaumwa nini?" nikamwuliza.

"Sijui, maana haijawahi kusema nikiwa nayo. Alipewa na mwenye duka mmoja aliyekuwa anahama, na sisi hatukuwa na umeme. Kila baada ya mavuno aliishusha, akaipangusa vumbi, akasema siku nguzo zikifika nitaiwasha. Nguzo zimefika, mwalimu. Yeye hayupo."

Nilimwambia aiache, nikipata nafasi nitaitazama. Akatikisa kichwa.

"Nataka iwe imepona kabla ya Jumamosi. Shemeji yangu anakuja na dalali wa Kahama. Wanataka kuipasua."

"Kuipasua kwa sababu gani?"

"Wanasema ina zebaki nyekundu."

Sisi wa ukanda huu tunaijua zebaki. Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama huichanganya na unga wa mawe uliosagwa. Zebaki hukamata chembe za dhahabu, kisha wao huichoma, nayo hupaa na kuacha dhahabu peke yake. Zebaki hiyo ni nyeupe kama fedha, hutiririka, na kila mtu aliyefika machimboni ameiona. Nyekundu hakuna aliyeiona. Hata hivyo kila mtu anajua habari zake: kwamba imefichwa ndani ya redio za zamani na cherehani kuukuu, kwamba haionekani katika kioo cha kujitazamia, kwamba hukimbia kitunguu saumu, na kwamba tone lake moja humwondoa mtu katika umaskini. Kwa ajili ya habari hizo nimeona kwa macho yangu redio nzuri zimepasuliwa kwa shoka na kutupwa nyuma ya nyumba, kuku wanachakura katikati ya transfoma.

Nilikwisha kuifuatilia habari hiyo. Kinyozi wa hapa Tinde aliniapia kwamba yupo mtu aliyeuza zebaki nyekundu akanunua lori. Nikamwuliza kama alimwona mtu huyo. Hakumwona, aliambiwa na mwenye mashine ya mpunga kule Kahama. Niliposafiri Kahama kwa shughuli nyingine, nikamtafuta mwenye mashine. Naye alikuwa ameambiwa na mpiga debe wa stendi. Nikaenda stendi. Mpiga debe, kijana mchangamfu sana, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, mimi sikusema yupo. Nilisema natamani awepo, niwe mimi."

Nilimsimulia mama wa Didia kisa hicho. Hakucheka.

"Wewe unanieleza mimi, mwalimu, na mimi sihitaji kuelezwa. Najua ni redio. Nimewaambia ukoo ni redio, wakasema mwanamke hajui mambo ya madini. Wanasema mali ya marehemu haiwezi kukaa kabatini ikiwa na utajiri tumboni." Akaweka kiganja juu ya sanduku. "Vyote vingine vimegawanywa na sikulalamika. Hiki ndicho alichokuwa anakishika mwenyewe. Wakikipasua, sitakuwa na kitu."

Nikamwambia Jumamosi awaelekeze waje hapa kwangu. Redio isiyotoka mezani kwangu haiwezi kupasuliwa njiani.

Kazi yenyewe ilinipa furaha ambayo sioni sababu ya kuificha. Panya walikuwa wametafuna kitambaa cha waya wa umeme, nikauondoa wote. Kapasita za karatasi zilikuwa zimekauka na kuvujisha, nikazibadilisha moja baada ya nyingine, nikihakikisha kila kiungo kwa mita kabla ya kwenda kingine. Pembe moja ya sanduku ilikuwa imeliwa na mchwa. Nikaikata, nikachonga kipande cha mninga, nikakipachika kwa gundi na kukisugua kwa msasa mpaka kidole kisijue mpaka uko wapi. Mkono wangu wa kushoto ulikaa mfukoni kila nilipopima chassis, yaani kiunzi cha bati kinachobeba vipuri vyote, ikiwa na umeme. Ndani ya redio hizo mna umeme wa kuua, na mkono mmoja mfukoni huunyima njia ya kupita kifuani. Desturi hiyo sikuipokea kwa kuaminishwa. Ukichora mzunguko kwenye karatasi utaiona mwenyewe.

Valvu ya kutolea sauti ilikuwa imekufa, uzi wake umekatika. Katika makopo yangu nilikuwa na moja tu ya aina hiyo, niliyoitunza kwa muda mrefu bila kujua ninaitunzia nani. Ijumaa alasiri mama alifika kutazama maendeleo, nikaitoa ile iliyokufa mbele ya macho yake, nikaifunga hii.

Redio iliyolala miaka mingi haiwashwi kwa pupa. Unaunganisha kwanza balbu ya zamani ya uzi kwenye njia ya umeme, ili umeme wote upite ndani yake. Kukiwa na hitilafu, balbu itawaka kwa nguvu na redio itasalimika. Nikawasha, mama akitazama. Balbu iling'aa, ikafifia taratibu, ikabaki na wekundu wa kaa linalozimika. Nikajua tumevuka. Spika ikaguna. Jicho la kijani likachipuka gizani mwa kidirisha. Nikazungusha kitufe cha mawimbi mafupi, na baada ya milio na mikwaruzo akatokea mtu anasoma habari kwa Kiswahili safi, sauti nene inayojaza chumba.

Mama alisikiliza habari zote, hata za bei ya mafuta ghafi. Mwishoni akauliza, "Hiki ulichokitoa ni cha nani?" Alikuwa anaonyesha valvu iliyokufa.

"Ni chako, lakini hakina kazi tena."

"Kilikuwa ndani yake." Akakichukua, akakifunga katika pindo la khanga yake.

Sasa nieleze jambo moja kuhusu makadirio yangu. Nilikuwa nimekadiria kwamba redio inayosema itajitetea yenyewe. Watu wakisikia habari zinatoka ndani yake, wataelewa kazi yake na kuiacha. Kadirio hilo lilikuwa na kosa, na kosa lilijionyesha Jumamosi asubuhi, mara tu shemeji mtu alipovuka kizingiti.

Alikuwa mdogo wa marehemu, mtu wa makamo mwenye mabega ya machimboni, na nyuma yake aliingia dalali wa Kahama, kijana aliyevaa shati la maua na viatu vyenye ncha. Salamu zilipokwisha, mama akawasha redio. Ilipoanza kusema, shemeji alipiga makofi.

"Iko hai!"

"Nilikwambia," dalali akasema. "Iliyokufa wanachukua kwa bei ya kutupa. Hai ndiyo dili. Mzee wangu, Mungu akubariki, umetuongezea thamani."

Sikupata kusikia sifa iliyoniudhi kiasi kile.

Dalali akatoa mfukoni kioo kidogo cha kujitazamia na punje ya kitunguu saumu. Mke wangu, aliyekuwa analeta chai, alisimama mlangoni na sinia lake akatazama. Dalali alizunguka hadi nyuma ya redio, ambako kifuniko kilikuwa bado hakijarudishwa, akainama na kukisogeza kitunguu kwa heshima kubwa kuelekea valvu. Jicho la kijani likajikunja, likajikunjua.

"Umeona? Umeona, kaka? Imeogopa!"

"Imeogopa kweli," shemeji akanong'ona.

Mimi nilikuwa naona kiwiko chake, ambacho kilikuwa kimelalia waya wa antena. Nikamwomba asogee. Nikauegemeza mkono wangu mtupu kwenye waya uleule. Jicho likajikunja na kujikunjua vilevile. Nikarudia. Nikaeleza kwamba mwili wa mtu ukigusa antena hubadilisha nguvu ya mawimbi, na jicho halina kazi nyingine ila kuonyesha nguvu hiyo.

Dalali alinitazama kwa huruma. "Mzee wangu, wewe umekaa nayo wiki nzima. Imezoea mkono wako."

Shemeji akacheka kwa sauti. Nakiri jibu lilikuwa la haraka kuliko nilivyotarajia. Dalali akaonyesha juu ya kioo cha valvu, ambako kuna utando wa rangi ya fedha kama kioo cha kujitazamia. "Na hii hapa ni nini? Hii ndiyo zebaki yenyewe imeganda. Ikipata hewa inageuka nyekundu. Tuipasue tumalize, nina mtu ananisubiri." Akanyoosha mkono kuishika valvu niliyoiweka jana yake. Mama alisimama. Akaweka mkono wake mbele ya mkono wa dalali.

"Shemeji, keti," mdogo wa marehemu akamwambia. Haikuwa kwa ukali, lakini ilikuwa amri.

Nilielewa kwamba maelezo yangu, japo yalikuwa sahihi, yalikuwa kwake ni maneno ya mtu mwingine, sawa na ya dalali. Mimi ndiye ninayewakataza watu kuamini walichoambiwa. Nilikuwa na haki gani ya kumtaka aniamini? Nikamgeukia.

"Bwana mdogo, wewe ni mchimbaji. Mtu akikuletea zebaki kwenye kichupa kule Geita, unajuaje kwamba ni yenyewe?"

Alishangaa kuulizwa jambo rahisi. "Nagusisha dhahabu. Zebaki ikigusa dhahabu inaing'ang'ania, dhahabu inageuka nyeupe. Isipogeuka, nimeuziwa uongo."

"Dhahabu unayo?"

Alisita, kisha akatoa kwenye pochi kikaratasi kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na kipande kama punje ya mtama.

"Basi pima mwenyewe. Mimi sitashika kitu."

Nilimtazama mama. Alikuwa amekwisha kuelewa. Alifungua pindo la khanga na kuiweka mezani ile valvu iliyokufa, yenye utando uleule wa fedha kichwani. Akamweleza shemeji yake kwamba aliiona ikitolewa humu ndani kwa macho yake na haijatoka mikononi mwake tangu hapo. Mke wangu akaleta sahani nyeupe ya bati na karai la maji, akinitahadharisha kwa macho kuhusu sahani.

Kwanza nilimwambia mchimbaji aigeuzegeuze valvu, atazame kama ule weupe unatiririka. Aliigeuza juu chini. Haukusogea. Uso wake ukabadilika kidogo, maana anajua zebaki haitulii. Kisha akaizungushia kitambaa, akaiweka sahanini, akaigonga kwa koleo.

Ilitoa mlio mdogo wa hewa inayoingia. Alipofunua kitambaa, tulikuwa bado tunatazama wakati ule utando wa fedha ulipopauka mbele ya macho yetu, ukawa mweupe kama unga wa muhogo. Wekundu haukutokea. Akausugua unga huo kwa punje yake ya dhahabu, upande mmoja, upande wa pili. Dhahabu ikabaki ya manjano. Akamimina vipande vyote karaini, na hapo nilimwona mtu akifanya kazi yake. Alilizungusha karai kwa viganja, akalilaza, akaliinua, maji yakafagia uchafu pembeni na kuacha kizito katikati. Katikati palibaki vibati vilivyopinda. Akavichambua kwa ukucha. Akarudia tangu mwanzo.

Dalali alikuwa wa kwanza kusema. "Hiyo ilikuwa imekufa, kaka. Ndiyo maana mwalimu aliitoa. Zebaki yake ilikwisha kufa nayo. Pasua iliyo hai."

Mtu wa redioni alikuwa anasoma matokeo ya mpira. Mama alikuwa anamtazama shemeji yake, naye shemeji alikuwa anatazama maji.

"Zebaki haifi," akasema.

"Nini?"

"Haifi, bwana. Mimi nimeichoma tangu sijaota ndevu. Ukiichoma inapanda, ukiweka kifuniko cha baridi inarudi. Ikimwagika kwenye vumbi inajikusanya yenyewe. Haifi, wala haigeuki unga."

"Hiyo ni nyeupe unayoijua wewe. Nyekundu ina tabia zake."

"Umewahi kuishika?"

"Mimi binafsi sijaishika, lakini kuna jamaa pale Kahama..."

"Nimekuuliza wewe."

Nimefundisha maisha yangu yote, na sidhani kama nilipata kusikia swali hilo likiulizwa vizuri zaidi. Dalali alianza kueleza kwamba redio hii pengine si ya toleo lenyewe, kwamba toleo lenyewe lina alama fulani nyuma, kwamba angerudi na mtaalamu. Alipokuwa anakusanya kioo chake, mke wangu akamwambia, "Hicho kitunguu kiache, baba, nina mboga jikoni." Akakiacha.

Mchimbaji alikausha punje yake kwa shati, akairudisha katika kikaratasi. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha, bila kumtazama mama usoni, akasema, "Shemeji, redio yako chukua. Ukoo nitazungumza nao mimi."

"Wabeja," mama akamshukuru kwa Kisukuma.

Nikarudisha kifuniko cha nyuma na kuanza kukaza skrubu. Mama akanisogelea.

"Mwalimu, kipigilie misumari."

Nikamweleza kwamba haiwezekani. Chombo cha namna hii kitahitaji kufunguliwa siku nyingine. Kapasita zitachoka, vumbi litaingia. Kukipigilia misumari ni kukihukumu.

"Leo ameelewa," akasema kwa sauti ya chini, akimwonyesha kwa kidevu shemeji yake aliyekuwa nje anamwita mwenye bodaboda. "Wenzake wako kumi na mbili, na hawakuwapo hapa."

Nilichokithibitisha pale mezani kilikuwa kimethibitika kwa mtu mmoja tu, yule aliyezungusha karai. Waliobaki Didia wangekipokea kama habari ya kusikia, na nani awalaumu? Nikakaza skrubu ya mwisho. Alinyoosha mkono, akaichukua bisibisi kutoka kiganjani mwangu, akaitazama ncha yake na mpini wake wa mpingo niliouchonga mwenyewe, akaifunga katika pindo la khanga.

"Basi hii nakwenda nayo. Anayetaka kuifungua atapitia kwangu."

Ilikuwa bisibisi yangu nzuri kupita zote, na skrubu zile za kizamani haziwezekani kwa nyingine. Mdogo wa marehemu alirudi, akaibeba redio kwa mikono miwili hadi kwenye pikipiki, akaipakata mapajani mwake; mama akapanda nyuma yake, mkono mmoja juu ya sanduku na mwingine juu ya pindo.

Juma lililofuata nilichonga mpini mwingine.